Waya wa Fundi Abbasi

Clemensi aliukata ule waya Jumapili ya mwisho ya Agosti kwa sababu ya mpira. Tusimtafutie sababu nyingine ya heshima zaidi. Redio yake ya bendi tatu ilikuwa inakoroma tu, mtangazaji anapotea kila timu ikikaribia goli, na pale kwenye banda la mashine ya kusaga alikofanya kazi kulikuwa na waya mzuri wa shaba ambao hakuona unamfanyia nani kazi. Ulianzia kwenye mguu wa mashine, ukapita chini ya ukuta, ukaishia kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini huko nje. Akaukata, akaurusha juu ya bati, ukawa antena. Mpira ulisikika vizuri sana siku hiyo, na timu yake ikafungwa.

Si kwamba hakuwa ameonywa. Fundi Abbasi, aliyeifunga mashine ile na kuiendesha miaka kumi, alimwachia kazi alipokuwa anarudi kwao Kondoa kuugua na kufa. Siku ya kuagana alimshika bega, akamwonyesha vitu vyote, oili inawekwa wapi, jiwe linanolewaje, na mwisho akaugusa ule waya kwa ncha ya kiatu. "Huu usiuguse," alisema. "Hata kama huoni kazi yake, uache." Clemensi akaitikia ndiyo mzee, kama vijana wanavyoitikia. Hakuuliza kwa nini, na Abbasi hakueleza. Alikuwa fundi wa mikono, maneno yalimchosha.

Mashine yenyewe ilikuwa mali ya Bwana Zaidi, mwenye duka la nguo na sukari pale Karatu, sukari ikipatikana. Ilikuwa kwenye banda refu la bati pembeni ya barabara. Injini ya dizeli ilikaa mwisho mmoja wa banda, mashine ilikaa mwisho wa pili juu ya magogo mawili makavu, na katikati ulikimbia mkanda wa hatua nane, kwenda na kurudi, kutwa nzima. Mkanda wa zamani ulikuwa wa ngozi. Ulikatika mwezi wa sita, Zaidi akaleta mpya kutoka Arusha, wa raba na turubai, akajisifu nao wiki nzima kama mtu aliyeoa.

Mwaka ule, themanini na mbili, kiangazi kilikuwa kibaya. Upepo ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro bila tone la unyevu, vumbi jekundu likaingia hadi kwenye maziwa, na midomo ya watu ikapasuka. Wiki ya kwanza ya Septemba mashine ikaanza visa vyake. Unga uliruka ukaganda ukutani, ukibanduka unarudi palepale. Ukipita karibu na mkanda, nywele za mikono zinasimama na uso unahisi kama umeingia kwenye utando wa buibui. Wanawake wakigusa lile bakuli kubwa la bati linalomeza mahindi, linaloitwa mdomo, wanafinywa.

"Clemensi, mashine yako imeniona mimi leo," alisema Bernadina, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi unaofika mahali kabla yake. "Imenifinya kama kijana wa sokoni. Mwambie nina mume."

Foleni ikacheka. Clemensi akacheka pia. Yeye hakufinywa, maana alikuwa anashinda ndani ya gambuti za mpira za Zaidi, na wale wanawake karibu wote walikuwa na kandambili. Kilikuwa kitu cha kuchekesha, kwa siku tisa.

Siku ya kumi akaja Germana.

Huyu Germana lazima nimweleze vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalimwangukia yeye. Alikuwa mke wa Hhando wa kijiji cha Daa, na Hhando alikuwa rafiki wa Clemensi tangu darasa la kwanza, walikula mhogo wa wizi pamoja na kuchapwa pamoja. Mwezi wa nne, katikati ya mvua za masika, Hhando alikimbilia chini ya mti na ng'ombe wawili, na radi ikawamaliza wote watatu. Kwa watu wa kule kifo cha radi hakifanani na vifo vingine. Wazee waliiweka nyumba yake kwenye metimani, ule utengano wa wenye msiba mzito: usichote maji wanapochota wenzako, usiazime moto, usipite njia ya ng'ombe, usimpe mtu mkono. Mwaka mzima, walisema. Germana alikaa ndani na mtoto wake mmoja, Lusia, ambaye baba yake alimwacha hajaota jino. Ndugu walimwekea mahindi kwenye ua na kuondoka kabla hajatoka.

Alivumilia miezi mitano. Lakini mahindi yasiyosagwa hayamlishi mtoto, jiwe la kusagia lilikuwa limepasuka, na padri alisema kwenye mahubiri kwamba mambo ya kuwafungia wajane ni ya giza, Wakristo wayaache. Padri alisema kisha akapanda pikipiki yake akaenda zake. Germana akamfunga Lusia mgongoni, akajitwika debe, akaja mjini kusaga kama watu.

Alikuja pekupeku. Kandambili zake zilizama kwenye udongo mbichi siku ya mazishi, akaziacha hukohuko kaburini.

Foleni ilimwona. Hakuna aliyemfukuza. Walisogea tu, mmoja baada ya mwingine, hadi akajikuta yuko mbele peke yake.

"Karibu, shemeji," alisema Clemensi, na alifurahi kweli kumwona. "Lete debe nikusaidie."

"Acha, nitamimina mwenyewe," alisema Germana. "Nisikuletee maneno."

Akakanyaga ile sakafu ya udongo iliyolowa maji ya kupozea injini, akainua debe, na mkono wake ukakaribia mdomo wa mashine. Kililia kitu, kikavu, kama kijiti kinachovunjwa. Waliokuwa karibu waliona cheche ya buluu, ndefu kama kidole, ikiruka kutoka kwenye bati hadi mkononi mwake. Debe likaenda huku, Germana akaenda kule, akaanguka kwa magoti. Mahindi yalitawanyika mpaka chini ya mkanda.

Bernadina hakutania safari hii. Aliangalia zile punje za mahindi chini, akaangalia miguu ya Germana, akafunga kanga yake vizuri akatoka nje.

Mara ya pili ilikuwa wiki iliyofuata, na ilikuwa vilevile. Mara ya tatu ndiyo iliyoharibu kila kitu. Germana alijipiga moyo konde akaja asubuhi, watu wakiwa wachache, akamimina polepole akiwa amekunja mkono. Cheche ikamkuta kwenye kiwiko. Na Lusia, aliyekuwa amelala mgongoni, ngozi kwa ngozi, akashtuka palepale na kupiga yowe ambalo lilisikika juu ya injini. Germana alimfungua haraka, akamweka chini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nimemsikia," alimwambia Clemensi. "Imepita kwangu ikaingia kwake. Nimeisikia ikipita."

"Ni mashine tu, shemeji," alisema Clemensi.

"Mbona wewe haikupigi?"

Germana alimwangalia muda mrefu, kisha akamfunga mtoto ndani ya gunia tupu ndipo akambeba, ili ngozi zao zisigusane.

Maneno yana miguu mirefu kuliko gari la serikali. Alhamisi ya wiki ile, huko Daa, Germana alikuwa amerushwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ijumaa alikuwa anatoa moto vidoleni. Jumamosi kulikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyeona mkono mweupe ukitoka kwenye mkanda na kumsukuma kifuani, na mkono huo ulikuwa na pete ya Hhando. Hhando hakuwahi kuvaa pete maisha yake yote. Lakini katikati ya uongo huo wote kulikuwa na kitu cha kweli ambacho watu thelathini walikiona kwa macho yao mchana, na ndicho kilichowatisha. Radi ilimchukua mume, imebaki kwa mke. Hivyo ndivyo walivyosema, na kwa hesabu waliyokuwa nayo, mimi siwalaumu sana.

Ninayemlaumu ni Clemensi, kwa sababu yeye alijua.

Alianza kushuku mapema. Kiangazi kilikuwepo tangu Julai, mkanda mpya ulikuwepo tangu Juni, na visa vilianza siku chache baada ya ile Jumapili ya mpira. Usingizi ukamkimbia. Jumapili asubuhi, banda likiwa tupu, aliwasha injini, akavua gambuti, akakanyaga sakafu kwa miguu yake mitupu, akanyoosha kidole. Ilimpiga hadi begani. Alikaa chini akishika mkono. Kisha akapanda juu ya bati, akaushusha waya, akaufunga mguu wa mashine na nondo kama ulivyokuwa. Akanyoosha kidole tena. Hakuna kitu. Akashika bati kwa kiganja chote. Lilikuwa bati tu.

Pale pale angeweza kuuacha. Lakini Jumapili hiyohiyo ilikuwa siku ya kikao. Mzee Tluway, balozi wa nyumba kumi na mmoja wa wale wazee waliotangaza metimani, aliita watu saa nane uwanjani kwake kuzungumzia habari ya Germana, na Clemensi alijiambia kwamba ataufungua waya tena, awaite watu wote, awaonyeshe kwa macho yao: hivi unapiga, hivi haupigi. Ulikuwa mpango mzuri. Akaufungua, akaurudisha kwenye bati usipotee, akaenda kikaoni akiwa na maneno yake mdomoni.

Njiani akakutana na Bwana Zaidi.

"Nasikia wanataka kusema mashine yangu ni mbovu," alisema Zaidi. Hakuwa mtu mkali, alisema kwa upole akifuta jasho. "Wakianza hivyo, watu watapeleka mahindi kwingine, na mimi dizeli naipata kwa kupiga magoti. Nimeshawaambia mashine haina tatizo, kijana wangu anaitunza kama alivyoachiwa na marehemu Abbasi. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Clemensi.

"Kama kuna kitu kimechezewa, niambie sasa. Nitajua cha kufanya."

Clemensi alijua vilevile. Kibarua kingeota nyasi jioni hiyohiyo, na Karatu nzima ilikuwa na vijana ishirini waliokuwa tayari kuvaa zile gambuti. Akasema hakuna kitu.

Kikaoni walikuwepo watu kama hamsini. Germana aliketi peke yake upande wa jua, Lusia kwenye gunia miguuni pake. Wazee walisema maneno yao kwa Kimbulu, taratibu, bila kumtukana. Kisha akasimama Mwalimu Patrisi, anayefundisha sayansi shule ya msingi, mtu msafi mwenye kalamu mbili mfukoni, na alisimama kumtetea. Hilo nalisema wazi, alikuja kumtetea.

"Jamani, tuache hadithi," alisema. Alichomoa kalamu ya plastiki, akaisugua kwenye nywele zake, akaishusha juu ya vipande vya karatasi ya sigara alivyovichana. Vipande vikaruka vikashika kalamu. Watoto wakacheka. "Huu ndio umeme wa msuguano. Upo, tunaufundisha darasa la sita. Mkanda ukisugua, unatokea. Lakini nguvu yake ndiyo hii mnayoiona. Inainua karatasi. Inafinya kidogo. Haiwezi kumwangusha mtu mzima mwenye debe. Anayesema ameona moto mrefu kama kidole ametiliwa chumvi na woga wake. Huyu mama aliteleza, sakafu ina maji."

Alikaa chini, ameridhika. Kila mtu uwanjani pale alikuwa amemwona Germana akipigwa, au ana dada aliyemwona. Hawakumzomea Mwalimu. Walimsikiliza vizuri sana.

"Mwalimu ametusaidia," alisema Mzee Tluway. "Anasema umeme wa mashine hauwezi kufanya vile. Sisi tumeona vile. Basi si wa mashine." Akamgeukia Clemensi. "Kijana, wewe ndiye unayeijua. Mashine ina kasoro yoyote?"

Zaidi alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Germana aliinua uso. Alimwangalia Clemensi kama mtu anavyomwangalia ndugu yake aliyefika kwenye msiba, kwa matumaini yasiyo na haya. Clemensi aliona kila kitu usoni mwake.

"Haina, mzee," alisema.

Germana akaitikia kwa kichwa, kidogo. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa analiogopa na sasa ameacha kuliogopa. Wazee wakaamua amalizie muda wake mbali na visima na mashine za watu, kwa ndugu wa mama yake huko Baray, bondeni, hadi masika nyingine ipite. Walimchangia mahindi na mbuzi. Hawakuwa watu wabaya, wala hawakumpiga hata kofi.

Aliondoka Jumamosi asubuhi, na mjomba wake akitangulia na punda. Lusia alikuwa ndani ya gunia, juu ya punda.

Jioni ile Clemensi alifunga banda mapema. Roho ilikuwa inamuuma kiasi cha kumkatisha hamu ya chakula. Alipanda batini, akaushusha waya wa Fundi Abbasi, akaufunga mguu wa mashine, akaukaza kwa koleo mpaka koleo likateleza likamkata kidole. Akaupeleka kwenye nondo, akaukaza huko pia. Alitaka asipigwe mwanamke mwingine. Ilikuwa nia njema, ya kwanza kwa mwezi mzima, na ndiyo iliyommaliza Germana.

Jumatatu foleni ilifika ikiwa na wasiwasi. Wa kwanza alimimina, hakufinywa. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Unga ulianguka chini kama unga. Bernadina alinyoosha kidole, akagusa bati, akagusa tena, kisha akaweka kiganja chote.

"Imetulia," alisema, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameondoka, imetulia. Masikini Mama Lusia. Ilikuwa kweli."

Hata wale waliokuwa na mashaka hawakuwa nayo tena. Mpaka saa sita habari ilikuwa imefika Daa na kuvuka. Clemensi alisimama katikati ya kelele ya injini akiwa na kitambaa kidoleni, na hakufungua mdomo siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata.

Aliyemfungua mdomo ni Hamisa, mchuuzi wa maharage anayezunguka hadi bondeni. Alirudi mwanzoni mwa Novemba, akaja kusaga, na katika mazungumzo akasema amemwona yule mjane kule Baray. "Anakaa kibanda cha nyuma. Mtoto amekonda, anatambaa peke yake uani, na mama amekaa anamwangalia kwa mbali. Nilimwita mtoto aje kwangu, mama akaniambia nimwache. Sikuelewa."

Clemensi alizima injini katikati ya debe la mtu. Alitembea hadi dukani kwa Zaidi, akamwambia yote, antena, mpira, kidole, nondo, akasimama akisubiri kufukuzwa.

Zaidi alimwangalia kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Waya?" alisema. "Waya mwembamba vile? Clemensi, yule alikuwa mke wa rafiki yako. Kila mtu anajua unaumia."

"Nitawaonyesha. Waite."

Walikuja. Mzee Tluway alikuja na fimbo yake, Mwalimu Patrisi alikuja na kalamu zake, Bernadina alikuja na nusu ya wanawake wa Karatu. Lakini Novemba haikumsubiri. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku mbili nyuma, na asubuhi ile bado zilikuwa zinanyesha, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, kuta za banda zinatoka jasho, mkanda wenyewe una unyevu. Clemensi aliukata waya mbele ya macho yao. Akawasha injini, akavua gambuti, akakanyaga matope, akanyoosha kidole.

Hakuna kitu.

Akashika bati kwa mikono miwili. Akausogelea mkanda, nywele zake zikalala palepale zilipolala. Aliongeza mwendo wa injini hadi banda likatetemeka. Alimwomba Bernadina amwazime kanga, akausugua mkanda nayo kama mtu aliyerukwa na akili. Watu waliinamisha macho.

"Niliwaambia," alisema Mwalimu Patrisi kwa upole. "Nguvu yake ni ya kuinua karatasi."

"Ilikuwa kavu wakati ule," alisema Clemensi. "Ni unyevu. Subirini kiangazi."

"Sawa," alisema Mzee Tluway, akamgusa bega, palepale alipoguswa na Fundi Abbasi. "Nenda kapumzike, mwanangu."

Hakupumzika. Alitoka kwa miguu hadi njia panda, akapata lori la watu wa vitunguu, likamshusha mahali ambapo barabara ilikuwa imekatika, akatembea saa nne kwenye joto la bondeni, kule ambako mvua ilikuwa bado haijafika. Alikuta kibanda nyuma ya nyumba ya mjomba. Germana alikuwa ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa, amevaa gauni lilelile. Lusia alikuwa chini ya kivuli cha ua, hatua tano kutoka kwa mama yake, anachezea mfupa wa mbuzi. Katikati yao kulikuwa na bakuli la uji na kijiti kirefu.

"Shemeji," alisema Germana, akatabasamu. "Umefika mbali. Usinipe mkono."

Clemensi alikaa chini kwenye vumbi akamwambia. Alisema polepole safari hii, hakuruka chochote. Alisema kwamba umeme ule ulikuwa wa mkanda, kwamba ulihitaji njia ya kwenda ardhini, kwamba Abbasi aliiweka njia hiyo na yeye akaikata ili asikilize mpira. Alisema ulimpiga yeye Germana kwa nguvu kuliko wengine kwa sababu tu alikuwa hana viatu. Alisema siku ya kikao alijua, asubuhi yake alijua, na alisema haina kwa sababu ya kibarua.

Germana alisikiliza mpaka mwisho. Lusia alianza kutambaa kwenda kwa mama yake. Germana aliokota kijiti, akalisukuma bakuli la uji upande mwingine, mtoto akageuka akalifuata, kama kitu alichokizoea.

"Una moyo mzuri," alisema. "Hhando alikuwa anasema hivyo. Umetembea jua lote hili kuja kunifariji."

"Sikufariji. Ni kweli."

"Shemeji." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mtoto. "Mimi nilikuangalia siku ile. Nilisema moyoni, Clemensi akisema ni mashine, ni mashine. Wewe hukuwahi kunidanganya. Ulimbeba Hhando wakati ndugu zake waliogopa kumgusa. Mtu kama wewe angeniacha nitoke nyumbani kwangu, na mtoto huyu, kwa sababu ya waya wa redio?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Hilo siwezi kuliamini."

Clemensi alisimama, akaenda hadi kivulini, akamwinua Lusia. Alikuwa mwepesi sana. Mtoto alishtuka kidogo, kisha akamshika shati kwa mikono yote miwili, akaweka shavu kwenye shingo yake na kulibana hapo kwa nguvu. Clemensi akamleta hadi mlangoni, akapiga magoti, akamnyoosha kwa mama yake.

"Mguse," alisema. "Nakuomba. Mguse mara moja tu, uone."

Germana alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta wa kibanda. Mikono yake aliificha kwapani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alimwangalia mtoto tu.

"Mweke chini, shemeji," alisema. "Usinijaribu, nampenda sana. Mweke chini palepale ulipomtoa."

Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja kutoka kwenye shati. Akamweka chini.